Jinsi ya kuwatunza wateja wako msimu wa sikukuu (kwa sisi wenye biashara ndogo)

Msimu wa sikukuu wateja wengi wanakuja wenyewe, hilo sio la kukuumiza kichwa sana, kazi iko kwenye kuwafanya warudi sherehe zikishaisha na mifuko imepauka. Wenye maduka makubwa watakushinda kwa ofa na watakushinda kwa matangazo, we mwenye biashara ya mtu mmoja au wawili usijaribu kushindana nao huko, utaumia bure. Unachowazidi ni kimoja tu, unamjua mteja kwa jina, unajua alichukua nini mara ya mwisho na akituma meseji anajibiwa na mtu mwenye akili zake. Na hicho kinategemea jambo moja ambalo watu wanalidharau sana: mteja asikae hajui. Asikae hajui kama umefungua au umefunga, hajui oda yake imefikia wapi, hajui kama bei imepanda. Mtu anaweza kukuvumilia ukichelewa siku nzima ilimradi umemwambia, ila ukimnyamazia masaa mawili tu na simu inaita haipokelewi, hapo umeshampoteza na hatakwambia.

Anza na listi, mapema

Wiki tano au sita kabla ya sikukuu kaa chini na daftari lako, risiti, meseji za miamala, chati za WhatsApp, popote pale wateja wako walipoacha alama. Andika majina. Usiandike wote kwenye furushi moja, watenge: kuna wale wa kila mara ambao ndo wanakulipia kodi, kuna waliokuwa wanakuja wakapotea, na kuna wale wa sikukuu kwa sikukuu ambao mwaka mzima huwaoni ila ikifika msimu lazima watokee. Pembeni ya kila jina weka alichonunua na saizi au rangi au chochote kitakachokusaidia usimuulize upya. Kama unatumia WhatsApp Business kuna lebo mle ndani, mpe kila mteja lebo yake, ni bure na inakuokoa sana siku simu ikianza kupiga kelele.

Hapa pia andika mteja anasherehekea nini, na tafadhali usikisie kwa jina. Kuna watu wana majina ya huku na dini ya kule. Krismasi yenyewe wengi wanaijua tarehe 25 Desemba lakini Waorthodoksi wengi wanasherehekea 7 Januari, na Idi inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwa sababu mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, kwahiyo ile listi ya mwaka jana huwezi kuichukua ukabadilisha mwaka tu ukatuma. Mwaka 2030 kwa mfano Ramadhani itaingia mara mbili, Januari mwanzoni na tena Desemba mwishoni, hebu fikiria mtu kafunga we unamtumia salamu za mwaka mpya zenye picha ya meza imejaa vyakula. Kama hujui anasherehekea nini, muulize wakati wa maongezi ya kawaida, au tumia salamu ya mwisho wa mwaka ambayo haimuudhi yeyote.

Na kuna jambo ambalo hakuna programu itakukumbusha: waliofiwa mwaka huu. Mteja wako kazika mzazi mwezi wa tisa, afu unamrushia limeseji la shangwe na mafataki kama kila mtu. Huyo mtoe kwenye meseji ya jumla. Mpigie au mwandikie mstari mmoja tu, "Dada, najua sikukuu hii sio kama zile nyingine, nakukumbuka wewe na nyumba yako." Basi, usiongeze na bidhaa.

Tarehe nne za kumwambia mteja

Kabla hujafikiria salamu wala zawadi, amua tarehe hizi nne: mwisho wa kupokea oda, mwisho wa kupeleka mizigo, siku utakayofunga, siku utakayofungua. Ziandike kwa jina la siku na tarehe. "Wiki ijayo" haina maana, mtu akisoma meseji Jumapili wiki ijayo ni ipi? Mfano wa meseji yenyewe:

"Habari mama, tunapokea oda za sikukuu mpaka Ijumaa tarehe 19 saa 12 jioni. Mzigo wa mwisho unatoka Jumanne tarehe 23. Tarehe 25 na 26 tumefunga, tunarudi Jumamosi tarehe 27 saa 3 asubuhi. Ukihitaji kitu niandikie hapa hapa."

Hakuna mbwembwe humo na ndo inavyotakiwa. Ibandike kila mahali ambapo mteja anaweza kukutafuta, mlangoni, stetasi ya WhatsApp (ikumbuke inafutika baada ya masaa 24 kwahiyo unairudia), juu kabisa ya ukurasa wako wa Instagram au Facebook, na kama uko kwenye ramani za Google ingia ubadilishe masaa ya siku maalum, sehemu ipo, maana mtu akiambiwa na Google umefungua akapanda gari mpaka kwako akakuta kufuli hatailaumu Google.

Kwenye tarehe ya kurudi uwe mwangalifu na ahadi za mzigo mpya. Kama bidhaa zako zinatoka China, mwaka mpya wao unaangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, viwanda vingi vinafunga na wafanyakazi wanarudi makwao, na vikifungua vinakuta foleni. Ukimwambia mteja wa Desemba "usijali saizi yako itakuwepo mwezi wa kwanza" wakati hujaagiza, unajifunga kamba mwenyewe. Agiza mapema au mwambie ukweli kwamba itachukua muda.

Salamu

Salamu na tangazo visikae kwenye meseji moja. Mtu anaona kabisa kwamba "Heri ya sikukuu mpendwa mteja wetu" imewekwa pale kama chambo tu, mstari wa pili punguzo, wa tatu namba ya kulipia. Tangazo lako litume mapema, salamu itume yenyewe siku mbili tatu kabla ya sikukuu, na asubuhi ya sikukuu yenyewe ukae kimya kwa sababu kila benki, kila mtandao wa simu na kila mtu aliyewahi kuwa na namba yake anamtumia saa hiyo hiyo.

Sasa njia ya kutuma. Usimwingize mteja kwenye grupu bila kumuuliza, nasisitiza hili. Ukiunda grupu la wateja namba za wote zinaonekana kwa wote, kuna mtu mle ndani anauza kitu kama chako na kesho yake asubuhi wateja wako wote wamepata meseji yake. Achilia mbali kwamba namba ya mtu ni mali yake, hajakupa ukaigawe. Tumia ile listi ya matangazo ya WhatsApp, moja inachukua watu 256 na kila mmoja anapokea kama vile umemwandikia peke yake. Kasoro yake, anayepokea ni yule tu aliyeisevu namba yako, hawa wengine haiwafikii, na wengi wanatuma miaka hawajui. Kwahiyo kazi ya kabla ya msimu ni kuwaomba wakusevu na uwape sababu: "Kaka sevu hii namba, nikiweka mzigo wa sikukuu wateja wangu nawaonyesha kwanza kabla sijaposti."

Meseji za kawaida za simu bado zinafanya kazi, hasa kwa watu wazima ambao bando linakatika mara kwa mara. Ila jua hesabu yake kabla hujanunua meseji kwa jumla. Meseji moja ni herufi 160. Ukiweka kiimoji hata kimoja, au zile alama za kunukuu zilizopinda ambazo zinakuja ukikopi maandishi toka sehemu nyingine, mfumo unabadilika na meseji inakuwa ya herufi 70 tu. Yaani umeandika salamu ya herufi 150, ukaona ipendeze ukamalizia na kaua kamoja, basi imekuwa meseji tatu na unalipa tatu kwa kila mteja. Toa kaua.

Wale wa kila mara usiwaweke kwenye meseji ya jumla kabisa. Warekodie sauti, sekunde ishirini zinatosha, taja jina lake na kitu kimoja cha kwake ("ile suti ya harusi ya mdogo wako watu waliisifia sana nikaona picha"). Ndio inachukua muda, fanya watano watano kila jioni.

Madeni (hapa ndo urafiki mwingi unavunjikia)

Usidai ndani ya salamu. Najua inavyouma, mtu anadaiwa toka mwezi wa nane na unamwona kwenye stetasi anakula raha, lakini "Heri ya sikukuu, usisahau lile deni letu" inaharibu vyote viwili, salamu haina ladha na deni halilipwi. Wadaiwa wakumbushe mapema msimu haujaanza, meseji ya peke yake, kiasi kimeandikwa, tarehe imeandikwa, na mlango uko wazi: "Kaka, naomba tumalize ile iliyobaki kabla ya tarehe 10 nipate kuagiza mzigo wa sikukuu. Kama yote ni nzito leta nusu, nyingine tupange." Wengi ukiwapa nafasi ya nusu wanaleta, kwa sababu kilichokuwa kinawakimbiza ni aibu ya kuja mikono mitupu.

Na wanaokuja kukopa msimu wenyewe? Amua sheria yako kabla hawajaja na iwe moja kwa wote, maana ukimkopesha huyu ukamnyima yule wanajuana na watajadili. Mi naona bora ukatae mkopo ila ukubali kumwekea mzigo kwa kianzio, analipa kidogo kidogo, akimaliza anachukua. Kataa kwa upole bila hadithi ndefu. "Dada yangu msimu huu sikopeshi kabisa, naomba usinichukulie vibaya, ila nikuwekee pembeni mpaka tarehe 20?" Hapo umekataa na bado umemtunza.

Siku zenyewe za pilika

Jua unaweza kufanya kazi kiasi gani kwa siku, kweli kweli, ukiwa umechoka, umeme umekatika na msaidizi hajaja. Kama fundi unamaliza nguo kumi kwa siku basi pokea nane. Zile mbili zilizobaki sio uvivu, ni za yule mteja wako wa miaka ambaye lazima atakuja dakika ya mwisho akilia, na utataka kumsaidia. Tatizo letu wengi msimu ukifika tunapokea kila oda kwa hofu ya kupoteza hela, matokeo yake unawakosea wapya na wa zamani kwa siku moja.

Kukataa kuna namna yake. Kataa haraka, usimwache mtu anasubiri siku mbili ndo unamwambia imejaa, na ukiweza mwelekeze kwa mwenzako unayemwamini. Ndio, kwa mshindani. Mteja anakumbuka aliyemsaidia kupata, na huyo mwenzako naye akijaa atakurudishia. Afu jina la uliyemkataa liandike sehemu, nitarudi hapo.

Kila oda irudie kwa maandishi kabla hujaanza kazi, hata kama mmeongea kwenye simu na mmeelewana vizuri. "Nimekupata mama: gauni la bluu, saizi 14, unalifuata mwenyewe Jumatatu tarehe 22 saa 10 jioni, umeshatoa nusu. Niko sahihi?" Akijibu ndio mmemalizana. Kelele nyingi za sikukuu, yaani zile za kushikana mashati kabisa, zinatokana na mmoja kusikia saa nne na mwingine kasikia saa kumi.

Meseji zikizidi weka majibu ya haraka kwenye WhatsApp Business, unaandika mkwaju huu / na neno fupi, jibu zima linatokea, linafaa sana kwa yale maswali ya kila dakika (bei, mko wapi, mnafunga saa ngapi). Na ile meseji ya kutokuwepo iweke kwa masaa ambayo umelala, lakini isiwe "asante kwa kuwasiliana nasi tutakujibu hivi karibuni", hiyo inamwambia mtu hakuna kitu. Andika saa: "Nimefunga simu mpaka saa 2 asubuhi, nitajibu kwa mpangilio wa meseji zilivyoingia, kama ni oda ya kesho niandikie neno KESHO." Halafu saa 2 uwe pale kweli.

Ukichukua mtu wa kukusaidia kwa muda mpe ile listi ya wateja wa kila mara na majina wanayoitwa. Mzee wa watu kaja dukani kwako miaka, anakuta kijana mgeni anamuuliza "unataka nini", ameshajisikia mgeni na yeye.

Kitu kikiharibika

Kitaharibika, ni msimu. Kanuni ni we ndo umpigie kabla yeye hajapiga. Ukishajua saa 6 kwamba mzigo wa saa 8 hautafika, piga saa 6, usisubiri muujiza. Na ukipiga sema vitu vitatu tu, kilichotokea kwa kifupi, saa mpya, na utakachofanya:

"Samahani sana kaka, mzigo wako umechelewa kutoka. Hautafika saa 8, utafika saa 11 na nusu. Nauli ya kuuleta naibeba mimi. Kama saa 11 na nusu haikufai niambie sasa hivi nikurudishie hela yako."

Usimtupie lawama mtu wa dilivari, mteja hamjui huyo, hela alikupa wewe. Usieleze foleni wala mvua wala msiba wa shangazi. Na saa mpya unayotaja iwe ya kweli hata kama inachukiza, kwa sababu mtu anasamehe mara ya kwanza, ukimsogezea tena mara ya pili hata ungemletea zawadi hakusikii. Akitaka hela yake mrudishie siku hiyo hiyo, usianze kumwambia mpaka sikukuu iishe.

Akikulalamikia hadharani kwenye maoni, jibu hapo hapo kwa mistari miwili, pole na namba ya kuongea naye pembeni, usibishane hata kama yeye ndo mwenye makosa. Wasomaji wengine hawafuatilii nani alikuwa sahihi, wanaangalia unaongeaje na mtu. Na usifute maoni, akiona umefuta atarudi na rafiki zake.

Zawadi, punguzo na bei

Hapa nitapita haraka. Kalenda zenye nembo yako na picha yako ukiwa na tai hakuna anayezihitaji, samahani. Kadi ndogo umeandika kwa mkono jina lake na mstari mmoja inatosha ukiiweka ndani ya mfuko. Punguzo lina hatari yake, yule aliyenunua jana kwa bei kamili leo anaona umeshusha, na mara nyingi ni mteja wako mzuri kwasababu wazuri ndo wananunua mapema. Kwahiyo ofa yoyote wape wa zamani kwanza, siku kadhaa kabla ya kuposti, au kama umeshachelewa mtafute huyo wa jana umrudishie tofauti kabla hajaiona mwenyewe.

Bei ikipanda kwasababu mzigo umepanda, sema mapema na sema sababu. "Kuanzia tarehe 1 bei itakuwa hii, oda za kabla ya hapo zinabaki bei ya zamani." Kumpandishia mtu mlangoni kwa sababu tu umeona ana haraka ya sikukuu, atalipa kweli, na ndo mara ya mwisho.

Sherehe zikiisha

Wiki ya kwanza usiuze kitu. Watu hawana hela na wanazionea kinyaa meseji za matangazo. Tumia wiki hiyo kuuliza tu: gauni lilimkaa vizuri? Mtoto alivipenda viatu au vimembana? Ikiwa vimembana badilisha bila kununa, na kumbuka aliyepewa zawadi ni mteja mpya aliyeletwa mlangoni bure, alikuwa hata hakujui, kwahiyo anapokuja kubadilisha saizi mhudumie kama aliyekuja na hela, na muombe namba yake kwa heshima.

Wale wapya wa msimu waandikie siku saba mpaka kumi baada ya kununua, sio mwezi mzima baadaye ameshakusahau. Mstari mmoja, umemtaja jina na alichochukua, umemwambia unafungua lini na lini. Wasiojibu waache, usiwafuate mara tatu tatu, watakublok.

Kisha chukua ile karatasi ya uliowakataa, wapigie kabla hujatangaza kwa mtu mwingine yeyote: "Kaka, kipindi kile nilikuwa nimejaa nikashindwa kukuhudumia. Sasa hivi nina nafasi Jumatano na Alhamisi, nikushikie siku gani?" Akikwambia alishapata kwingine mshukuru tu, muulize kama alihudumiwa vizuri, na jina lake lipeleke kwenye listi ya watakaopewa taarifa ya kwanza oda zikifunguliwa mwakani.